Mafuta ya Kome na Mashavu ya Mama Mkwe

Asubuhi hiyo Bi Vipimo alimtazama mama mkwe wake upande wa pili wa meza, na kijiko cha uji kikamgandia mkononi. Uso wa mama mkwe ulikuwa umejaa. Mashavu yaliyokuwa yamebonyea karibu mwaka mzima sasa yalikuwa yametuna, laini, yanang'aa. Alikuwa anapaka siagi kwenye mkate kwa mkono wake mwenyewe, huku akiimba kwa sauti ya puani wimbo ambao maneno yake alikwisha kuyasahau. Mtu mwingine angemshukuru Mungu na kumaliza uji wake. Bi Vipimo alikiweka kijiko chini, akaogopa.

"Mbona unanitazama hivyo?" mama mkwe akauliza. "Nina siagi puani?"

"Hapana, Mama. Naona umependeza."

"Eti nimependeza! Sema nimenenepa, mwanangu, wala sitakasirika. Hebu sogeza hayo mayai."

Jina la Bi Vipimo alipewa na huyo huyo mama mkwe, siku chache baada ya harusi, alipomkuta jikoni anapima chumvi kwa kijiko maalumu na kuisawazisha kwa kisu isije ikazidi. Jina likaganda. Mumewe akalidaka, majirani wakalipokea, na likamfuata hadi kazini, ambako lilimfaa kuliko lile la kwenye cheti. Alikuwa mkemia katika maabara ya kupima dawa. Kazi yake kutwa kucha ilikuwa kuuliza kama kilichoandikwa kwenye chupa ndicho kilichomo ndani, na kazi ya namna hiyo ina maradhi yake: ukishaizoea, huiamini tena hata chupa ya maji ya kunywa.

Mama mkwe naye alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, hadi baridi yabisi ilipomvamia. Vidole vilivimba, viganja vikawaka moto, magoti yakakataa kukunjika. Akahamia kwa mwanawe. Daktari alimpa vidonge, vikasaidia kidogo, lakini mikono haikuweza kushika hata kijiko. Kila jioni Bi Vipimo aliketi karibu naye na kumlisha. Matonge mawili matatu tu, kisha bibi hugeuza uso na kusema, "Nimeshiba, mwanangu, Mungu akuzidishie." Usimlaumu Bi Vipimo kwa kuamini. Mgonjwa akisema ameshiba, wewe ni nani umbishie tumbo lake?

Ndipo mama mdogo alipoingia na mafuta yake. Huyu alikuwa mdogo wa mama mkwe, tumbo moja, msimamizi katika kiwanda cha kusindika vyakula vya baharini. Kiwandani hapo walikuwa wanakamua mafuta kutoka kwenye nyama ya kome, hao kome wa kawaida wenye maganda meusi, na wafanyakazi waliruhusiwa kuchukua kidogo. Mama mdogo alimletea dada yake yakiwa kwenye chupa kuukuu ya asali. Yalikuwa na rangi ya kijani na yalinuka kama duka la samaki siku umeme umekatika.

"Kijiko kimoja baada ya kula," mama mdogo alisema. "Na usizibe pua, dawa inaona aibu."

Bi Vipimo alicheka siku hiyo. Hakuwa mtu wa kubeza. Alikwisha kusoma mengi kuhusu kome, jongoo bahari, sifongo na matumbawe laini. Mnyama aliyeganda mwambani au anayejikokota mchangani hana miguu ya kukimbilia wala makucha ya kupigania, kwa hiyo baadhi yao hujilinda kwa kemikali wanazozitengeneza wenyewe, na wataalamu wamekuwa wakizichambua waone zipi zinapoza uvimbe na maumivu kwa binadamu. Mafuta ya kome nayo yalikuwa yanachunguzwa. Lakini alijua vilevile kwamba kutoka "inachunguzwa" hadi "inaponya" kuna safari, na wengi huishia njiani. Alimwambia mama mkwe asiache vidonge vya daktari, akampeleka akaangaliwe, daktari akasema mafuta hayo hayana ubaya mradi yawe mafuta kweli. Neno hilo la mwisho lilimkaa kichwani.

Wiki zikapita. Mama mkwe akaanza kushika kikombe. Halafu kijiko. Halafu akaomba sindano na uzi. Nyumba nzima ilikuwa inashangilia, na mumewe, fundi wa lifti, alikuwa anapiga simu kwa ndugu mmoja mmoja kutoa habari. Bi Vipimo alishangilia pia, mpaka asubuhi ile alipoyaona mashavu.

Maana mashavu ya namna hiyo aliyajua. Maabara yao ilikuwa inaletewa chupa za "dawa ya asili ya viungo" zilizokamatwa mitaani, na ndani yake, mara nyingi mno, walikuta steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe ambayo daktari huitoa kwa kipimo na kwa uangalizi. Muuzaji huisaga akaichanganya kimyakimya, kisha anasifia majani yake. Mnunuzi anajisikia amezaliwa upya. Maumivu yanakwenda, hamu ya chakula inakuja kwa kishindo, moyo unachangamka, anaimba. Halafu uso unavimba ukawa duara. Baadaye ndipo mifupa inapoanza kulika, sukari inapanda, na balaa kubwa zaidi, mwili wenyewe unaacha kutengeneza steroidi yake ya asili, ukisubiri ya chupani. Ukimkatisha ghafla mtu wa namna hiyo, anaweza kuishiwa nguvu, akaanguka, akafa.

Hamu ya chakula, furaha, mashavu. Bi Vipimo alizihesabu dalili hizo huku mama mkwe akimaliza yai la pili. Kiwanda chenyewe pengine kilikuwa safi, lakini chupa ya asali ilikuwa imepita mikono ya nani kabla ya kufika pale mezani? Mama mkwe alipoinuka kuchukua chai, Bi Vipimo aliitia chupa kwenye mkoba wake, akaacha uji ulivyo, akaondoka.

Maabarani alilazimika kusubiri hadi saa ya chakula cha mchana. Mashine ya kutenganisha kemikali haikuwa ya kupimia mafuta ya mama wakwe. Mkuu wa maabara, mwanamama mfupi asiyecheka hovyo, alikuwa mkali kwa jambo hilo na kwa jingine moja, kuosha. Kati ya sampuli na sampuli lazima upitishe kimiminika safi kwenye mashine, uoshe sindano na mabomba yake, ndipo uingize nyingine. Alilirudia agizo hilo hadi wafanyakazi wakampa jina la Osha Kwanza, naye alilijua na hakulichukia.

Wenzake walipotoka kula, Bi Vipimo alibaki. Sampuli iliyokuwa imetoka mashineni punde ilikuwa ya chupa iliyokamatwa, kali kupita zote za mwezi ule. Kuosha kungemla muda, na Osha Kwanza angeweza kurudi kutoka mkutanoni wakati wowote. Mara moja tu haitaua mtu, alijisemea. Akachukua tone la mafuta ya kome, akaliandaa, akaliingiza moja kwa moja.

Mashine ikaanza kuchora mstari wake kwenye kioo. Ulikwenda bapa, ukatikisika kidogo, kisha, mahali pale pale panapotokea steroidi, ukapanda. Kilikuwa kilima kidogo, lakini kilima. Alitafuta kiti kwa mkono kabla ya kukiona.

Hasira ilimjia kabla ya akili. Akampigia mama mdogo.

"Mama mdogo, shikamoo. Yale mafuta umeyatia nini?"

"Marahaba. Nimeyatia kwenye chupa."

"Sifanyi mzaha. Kuna dawa humo ndani. Steroidi. Nimeipima mimi mwenyewe."

Upande wa pili palikuwa na kelele za mikanda ya kiwandani, halafu mlango ukafungwa na kelele zikapungua.

"Wewe binti," mama mdogo akasema polepole, "unaniambia mimi nimemlisha sumu dada yangu? Mimi niliyebebwa mgongoni kwake? Nimeyakinga mafuta yale kwenye bomba kwa mkono wangu, chupa nimeichemsha mwenyewe. Kweli shukrani ya punda ni mateke."

"Labda kuna mtu mwingine ame..."

"Labda kuna mtu mwingine ana adabu zaidi yako. Kwa heri."

Simu ikakatwa. Hazikupita dakika kumi, ikalia tena. Alikuwa mumewe, na sauti yake ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa, kumbe alikuwa ndani ya shimo la lifti.

"Mke wangu, kuna nini huko? Mama mdogo kanipigia analia. Nikampigia Mama nimuulize, anasema amechoka sana, miguu haina nguvu kabisa, amejilaza. Halafu anasema chupa yake ya mafuta imeibiwa. Nani anaiba mafuta ya kome?"

"Mimi," Bi Vipimo akasema.

"Wewe?"

"Sikiliza. Acha kila kitu, nenda nyumbani sasa hivi, uwe tayari kumpeleka hospitali. Ukimkuta amezidiwa, usinisubiri."

"Nimpe nini? Nisimpe nini?"

Chupa ilikuwa mkononi mwake. Kama kilima kile kilikuwa cha kweli, basi alikuwa ameshika sumu ya mama mkwe, na papo hapo alikuwa ameshika kinga yake, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyemkatishia dawa ghafla asubuhi ile, bila kumwambia neno. Alikuwa anampenda bibi yule. Hakuwahi kulisema, wala mwenzake hakuwahi kulisema, walikuwa wanataniana tu. Sasa aliona anaweza kumuua kwa kumlinda.

"Nenda tu," alimwambia mumewe. "Usimpe kitu. Nenda."

Alichapisha ule mchoro kwenye karatasi, akaenda nao hadi mlangoni kwa Osha Kwanza, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anavua viatu vya mkutano. Alimweleza yote, mama mkwe, kome, chupa ya asali, sampuli ya wizi saa ya chakula. Alisubiri kufokewa. Osha Kwanza aliichukua karatasi, akaitazama kwa mbali, akaitazama kwa karibu.

"Kabla ya hii mashine ilikuwa inapima nini?"

"Ile chupa iliyokamatwa. Ile kali."

"Halafu uliosha."

Bi Vipimo aliikodolea macho karatasi.

"Bi Vipimo," Osha Kwanza akasema, "nakuuliza kama uliosha."

"Sikuosha."

Mwanamama yule alivaa tena viatu vyake. Walipofika kwenye mashine alisema tu, "Lete kimiminika safi." Walipitisha kimiminika kitupu, kisicho na sampuli yoyote. Mstari ukaenda bapa, ukafika mahali pale, ukapanda. Kilima kile kile, ila kimesinyaa. Kwenye kimiminika kitupu!

"Hayo ni mabaki ya ile chupa kali, mgeni aliyebaki sebuleni wenzake wameshaondoka," Osha Kwanza akasema. Wakaosha. Wakaosha tena. Wakapitisha kitupu kingine, mstari ukatulia kabisa. Ndipo Osha Kwanza mwenyewe alipoandaa tone jipya la mafuta ya kome, akaliingiza, akakunja mikono kifuani.

Bi Vipimo hakuweza kutazama kioo. Alitazama uso wa mkuu wake. Uso ule haukuwa na desturi ya kusema mengi, lakini baada ya muda nyusi zilishuka.

"Mafuta," Osha Kwanza akasema. "Mafuta matupu ya kome. Hakuna steroidi humu."

Bi Vipimo alilia. Alilia kwa sauti, mbele ya mkuu wake wa kazi, akiwa ameegemea friji ya sampuli, na katikati ya kilio akaanza kucheka, na hakujua kipi akizuie kwanza. Mzigo uliotoka kifuani mwake ulikuwa mzito kiasi kwamba alijisikia mwepesi hadi kizunguzungu. Osha Kwanza alimpa karatasi ya kujifutia, ile ngumu ya kufutia meza.

"Kesho tutazungumza habari ya sampuli za nyumbani, na hutayapenda mazungumzo hayo," alisema. "Leo nenda. Na usiende kutangaza kwamba tumegundua dawa. Tumethibitisha hakuna ule uchafu uliouogopa, basi. Vidonge vya daktari aendelee navyo."

"Asante, Mama."

"Na omba radhi kwa huyo mwenye kome."

Akikaribia getini simu ililia. Mumewe alikuwa ananong'ona.

"Nimefika. Amelala. Anakoroma."

"Anakoroma vipi?"

"Anakoroma kama mtu aliyeshiba. Nimwamshe?"

"Mwache!" Bi Vipimo akasema, na mlinzi wa getini akageuka kumtazama mwanamke aliyekuwa anacheka peke yake huku machozi yakimtiririka.

Walikuwa wanakaa ghorofa ya tano, na mganga hajigangi: lifti ya jengo analokaa fundi wa lifti ilikuwa imekufa tangu wiki iliyopita. Bi Vipimo alipanda ngazi akihema. Mlangoni alipokewa na harufu ya vitunguu vilivyokaangwa. Mumewe alikuwa amekaa sebuleni na nguo zake za kazi zenye grisi, kimya, kama mtoto aliyeambiwa asiguse kitu. Mama mkwe alikuwa ameshaamka. Alikuwa jikoni, ameketi kwenye kiti, anageuza maharage kwenye sufuria.

"Mwizi amerudi," akasema bila kugeuka.

"Mama, unasikiaje? Miguu?"

"Miguu inauma. Wewe ungeshuka ghorofa tano ukapanda ghorofa tano kwa umri wangu, ungesikiaje?"

"Umeshuka chini?"

"Nimeshuka, nimenunua maharage, nimepanda. Mwaka mzima sijagusa mlango wa duka. Nilitaka kupika, kwa sababu asubuhi mtu mmoja aliacha uji wake mezani akaondoka na njaa." Ndipo akageuka. "Umelia. Nani kakuliza?"

Bi Vipimo alivuta kiti, akaketi, akamweleza. Hakuficha kitu, hata lile la kutoosha. Alieleza habari ya steroidi na mashavu ya duara. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akayashika mashavu yake kwa mikono miwili, kama anayapima uzito.

"Kwa hiyo mimi nimenenepa, wewe ukaona ninakufa."

"Nisamehe, Mama. Lakini ilikuwa ghafla mno. Ulikuwa unakula matonge matatu, mara unakula kama..."

"Kama mtu mwenye njaa. Sema." Alirudisha mwiko sufuriani. "Njaa nilikuwa nayo siku zote, mwanangu. Usiku tumbo lilikuwa linanguruma mpaka naona haya mwanangu asije akasikia huko chumbani kwenu. Lakini mtu akila, atakwenda chooni. Na mimi nikienda chooni ni wewe wa kuniinua, wewe wa kunivua, wewe wa kuniosha. Umetoka kazini miguu imevimba, hujakaa hata kidogo. Nikajisemea, huyu ni mtoto wa watu, hakuolewa hapa ili aje kunitawaza. Nikipunguza tonge, nimempunguzia kazi. Sasa mikono imerudi, nakwenda mwenyewe, najifunga mwenyewe. Kwa nini nisile?"

Mwaka mzima Bi Vipimo alikuwa ameketi karibu na kinywa kile na kijiko mkononi, na hakuona. Iliuma kulisikia, lakini maumivu yale yalikuja juu ya furaha kubwa, yakayeyuka humo. Bibi alikuwa mzima. Mashavu yale yalikuwa ya maharage na mayai.

"Ungeniambia, Mama," alisema mwishowe.

"Na wewe ungeniuliza kabla ya kuniibia. Sasa tuko sawa. Lete simu."

Mama mdogo alipokea kwa ukimya wa mtu anayetaka kubembelezwa. Bi Vipimo aliomba radhi. Alieleza kwamba kosa lilikuwa lake mwenyewe, mafuta yalikuwa safi, na mwenye mkono mchafu ndiye aliyekuwa anasema wakati ule.

"Hukuosha?" mama mdogo akauliza. "Msomi mzima?"

"Sikuosha, Mama mdogo."

"Kiwandani kwangu tunamfukuza asiyeosha." Kicheko kikamponyoka, akashindwa kukirudisha. "Haya, nimesamehe. Lakini chupa ijayo utaifuata mwenyewe, na utainywa kijiko kimoja mbele yangu, bila kuziba pua."

Mumewe, aliposikia vicheko, alijitokeza mlangoni na kuuliza kama sasa anaruhusiwa kurudi kazini au kuna mtu mwingine wa kupelekwa hospitali. Mama yake alimwambia anawe mikono akae.

Maharage yalipakuliwa juu ya wali. Bi Vipimo alitazama sahani yake, mikono imelegea mapajani. Siku nzima hakuwa ametia kitu kinywani, na sasa uchovu ulimshika hadi akashindwa kuunyanyua mkono. Mama mkwe alimtazama kidogo. Kisha alinyoosha mkono, vidole bado vimepinda kidogo kwenye maungio, akafinyanga tonge, taratibu, likakaa sawa, akalipeleka mbele ya uso wa Bi Vipimo.

"Fungua kinywa."

"Mama, mimi si mgonjwa."

"Nimekuuliza kama wewe ni mgonjwa?"

Bi Vipimo alifungua kinywa. Chumvi ilikuwa imezidi. Ilikuwa imezidi sana, ya kutiwa kwa mkono, bila kijiko wala kisu cha kuisawazisha. Alitafuna, akameza, akafungua kinywa tena.